Mfalme alishindwa, mzee akafaulu

Likizuka suala la udanganyifu wa kiroho, wengi wetu hukimbilia Mathayo 7 na mbwa-mwitu waliovaa mavazi ya kondoo. Mimi hurudi 1 Wafalme 13, sura isiyohubiriwa sana, labda kwa sababu inaishia vibaya kwa mtu mwema.

Mtu wa Mungu, ambaye hata jina lake hatuambiwi, anatoka Yuda kwenda Betheli kuikemea madhabahu ya Yeroboamu, mfalme wa Israeli iliyojitenga na Yuda. Mfalme ananyoosha mkono akiamuru akamatwe, na mkono unakauka. Anaombewa, unapona. Hapo mfalme anabadili mbinu: twende kwangu upate chakula, nami nitakupa zawadi. Mgeni anajibu kwamba hata akipewa nusu ya nyumba ya mfalme haingii, kwa maana ameagizwa asile wala asinywe mahali pale, na asirudi kwa njia aliyojia. Vitisho havikumtikisa, wala mali.

Aliyemwangusha ni nabii mwenzake. Mzee mmoja mkazi wa Betheli alimfuata kwa punda, akamkuta ameketi chini ya mti, akamwambia: mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika ameniambia nikurudishe ule na kunywa. Maandiko yanaongeza kwa ufupi kwamba ulikuwa uongo. Yule aliyemkatalia mfalme akageuka, akaenda, akala. Alipoondoka, simba akamwua njiani.

Angalia kilichomvuta. Hakuitwa kwa mganga wala hakuonyeshwa sanamu. Aliitwa na mvi, na cheo cha kiroho, na ukarimu, na malaika juu yake. Kwa maoni yangu hatari kubwa ya muumini ipo hapo hasa. Mtu ambaye hawezi kukanyaga kilingeni anaweza kuvunja uchumba, kuacha dawa au kukabidhi akiba yake yote kwa sababu mtumishi anayemheshimu amesema, "Bwana amenionyesha." Mzee alileta neno la pili lililopinga la kwanza, na hatusomi popote kwamba mgeni alirudi kwa aliyemtuma akauliza kulikoni. Paulo alipowaandikia Wagalatia kwamba hata malaika wa mbinguni akihubiri injili nyingine na alaaniwe, alianza kwa kujitaja mwenyewe: "ijapokuwa sisi." Watumishi wangapi leo wanawapa washirika wao ruhusa hiyo?

Lakini kuna swali linalonisumbua kuliko la simba. Mzee huyu alikuwa akifanya nini Betheli? Rudi sura moja nyuma. Yeroboamu aliogopa kwamba watu wakiendelea kupanda Yerusalemu, mioyo yao itamrudia mfalme wa Yuda. Akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mwingine Dani, akawaambia watu kwamba safari ya Yerusalemu ni ngumu kwao. Hakuwaambia waikane habari ya kutoka Misri. Aliitaja, kisha akawaonyesha ndama. Akaweka makuhani wasiotoka kabila la Lawi, na sikukuu katika mwezi alioubuni moyoni mwake. Yote yakaonekana kama nafuu. Ni siasa iliyovaa kanzu, na bado tunainunua.

Katika mji huo ndimo nabii mzee alimokuwa akiishi, na hatuna mstari hata mmoja unaosema alimkemea mfalme. Mungu alimleta mjumbe kutoka Yuda ilhali nabii yupo palepale, karibu na madhabahu. Kwangu hiyo ndiyo siri ya sura yote: aliyezoea kuishi na ndama bila kusema neno hakuona shida kumzushia malaika maneno. Maridhiano yalitangulia, uongo ukafuata, na aliyelipa kwa uhai wake ni mtu mwingine.

Najua jibu litakalokuja kwa anayetaka mtumishi asihojiwe: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu. Someni Zaburi 105 kuanzia mstari wa 12. Wanaozungumziwa ni mababa walipokuwa wachache na wageni nchini, na wanaokemewa ni wafalme waliotaka kuwadhuru. Hakuna muumini anayekatazwa pale kupima mafundisho. Daudi naye alikataa kumwua Sauli, masihi wa Bwana, ila alimwambia kosa lake waziwazi, askari wakisikia. Na waliotaka ishara ndiyo iwe kipimo, Kumbukumbu la Torati 13 imekwisha kuwajibu: hata ishara ikitokea kweli, nabii akisema tufuate miungu mingine, asisikilizwe.

Hata hivyo siwapendi wanaoona mpinga Kristo kila kona na kutumia jioni nzima kuwachambua wachungaji wa watu. Hiyo nayo ni njia ya kujiona mtakatifu kwa bei nafuu. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Watu wa Beroya walifanya yote mawili: walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Na mhubiri wao alikuwa Paulo!

Kila siku, si siku ya mgogoro tu. Yule wa Yuda angalau alikuwa na neno la kwanza la kulinganisha na la mzee. Anayeishi kwa vipande vya mahubiri vya dakika mbili kwenye simu, asiyewahi kusoma hata Injili moja kutoka mwanzo hadi mwisho, atamlinganisha nabii na nini?