Nyumba haina hesabu, hesabu ni kiwanja

"Hapo nyumba haina hesabu, mkubwa. Hesabu ni kiwanja." Dalali alisema hivyo huku akiugonga ukuta kwa kiganja, na plasta ikamdondokea kwenye kiatu. Tulikuwa Dodoma mjini, upande wa reli, kwenye nyumba ya enzi ya mkoloni: kuta nene, baraza pana, bati lililogeuka jekundu kwa kutu. Nyuma kuna banda la uani lenye vyumba viwili, kisima kilichofunikwa kwa zege, na mkwaju ambao mizizi yake imezinyanyua ngazi za jikoni. Mnunuzi anataka ghorofa.

Watetezi wa nyumba kama hii hukimbilia sheria, na sheria haiwasaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa, Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Dodoma 1910, na mji huu ulikua kwa kuifuata reli. Kwa hesabu hiyo, takriban Dodoma nzima imezaliwa imechelewa. Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu, ila mpaka atangaze, nyumba ni mali ya mtu kama mali nyingine. Kinachochekesha ni kwamba mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 umetajwa kwenye sheria hiyo. Mlango unatambulika, nyumba iliyoubeba haitambuliki.

Wanaotaka ibomolewe wana hoja, tusiwacheke. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, na mji kupewa hadhi ya jiji 2018, ardhi ya katikati haishikiki. Warithi wa nyumba ya aina hii mara nyingi ni watu sita au saba, kila mmoja na ada za watoto. Ukiwaambia waitunze kwa ajili ya historia, watakuuliza nani ananunua mbao za paa. Na matengenezo yenyewe yana mtego: ukuta wa zamani uliojengwa kwa udongo au chokaa hupumua, fundi wa leo anaupiga saruji, unyevu unanasa ndani, na baada ya masika chache plasta inabanduka kama ile ya kwenye kiatu cha dalali. Aliyetaka kuokoa amelipa ili kuharibu.

Kuna hoja nyingine inayouma zaidi: historia ya nani? Kati ya 1917 na 1920 Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, ilipita kwenye njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Mjukuu wa walionusurika akisema hana machozi ya kulilia baraza la bwana mkubwa, mimi sina cha kumjibu. Tena mbona tembe la Mgogo, nyumba ya paa bapa la udongo lililopaswa kusiribwa upya kabla ya mvua, limetoweka vijiji vizima bila mtu kuandika hata barua?

Tembe linalojulikana zaidi nchini liko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na wengi wanalijua kwa jina la Livingstone. Lilikuwa la wafanyabiashara Waarabu; Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, walifikia hapo mwanzoni mwa 1872, na Livingstone akaondoka Agosti mwaka huohuo. Miezi michache ya mgeni imelipatia nyumba jina la kudumu. Wenyeji walioishi ndani ya matembe vizazi kwa vizazi hawakupata kibao.

Hata hivyo, ni tembe lilelile lililonifanya nisimame upande wa kuhifadhi, japo si kwa namna wahifadhi wengi wanavyotaka. Tembe la Kigogo lilizunguka ua, ng'ombe wakilala katikati ya makazi. Ukiondoa ua, umebaki na vyumba virefu visivyo na maana. Nyumba ya upande wa reli ni hivyohivyo. Mkoloni alikaa barazani, lakini aliyechota maji na kumwagilia bustani ile, katika eneo linalopata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, hakuwa yeye. Historia ya Mwafrika kwenye kiwanja kile haiko sebuleni. Iko kisimani, kwenye banda la uani, kwenye njia iliyochimbika kutoka jikoni hadi kwenye mti.

Ndiyo maana suluhu inayopendwa na wengi, ya kubakiza nyumba kuu iwe mgahawa na kukata ua uwe maegesho na maduka, naiona mbaya kuliko zote. Inaokoa sebule ya bwana na kufuta alama za watumishi. Afadhali hata ghorofa, maana halidanganyi mtu. Na mti wenyewe si jambo dogo: jiji linahimiza watu wapande miche na kuibembeleza kwa ndoo kiangazi kizima, halafu linaruhusu mkwaju uliokomaa kwa miongo ung'olewe asubuhi moja.

Sidai kila nyumba ya zamani ibaki. Nyingine zimeliwa na mchwa mpaka kwenye kenchi. Ninachodai ni kidogo. Kabla kibali cha kubomoa hakijatoka, kiwanja chote kipimwe na kuchorwa: nyumba, banda, kisima, kila mti mkubwa na mahali uliposimama, na wazee wa jirani waulizwe nani alilala wapi. Ni kazi ya siku chache kwa mpima mmoja na mtu wa kuandika. Kama mkwaju uko pembeni ya kiwanja, na huu uko pembeni, mchoraji wa ghorofa alazimishwe kuukwepa.

Nilimwambia dalali hayo. Akautazama mti, akapiga hatua kuelekea ukutani akihesabu kimoyomoyo. "Mita nane," akasema. "Ghorofa linaingia."