Tumbo joto, tumbo baridi

Kwetu, mtu akisemwa ana tumbo joto, basi ana wasiwasi: anasubiri majibu ya mtihani, au mwenye nyumba kamwita. Tabibu wa Kichina angeshangaa. Kwake tumbo linatakiwa liwe na joto. Likipoa, chakula hakisagiki vizuri na kichwa nacho kinaingia ukungu.

Katika tiba ya jadi ya China, kazi ya kugeuza chakula kuwa nguvu ni ya wengu, na wengu huohuo ndio makao ya fikra. Kuwaza kupita kiasi huuchosha. Ukichoka, unyevu hujikusanya mwilini, na kitabu cha kale cha Huangdi Neijing kinasema mwenye unyevu huhisi kichwa kama kimefungwa kitambaa. Aliyewahi kurudi ofisini saa nane mchana baada ya sahani ya pilau hahitaji tafsiri. Najua, daktari wa hospitali atasema wengu huchuja damu, hauhusiki na pilau. Lakini Wachina hawazungumzii hiyo nyama ya ubavuni peke yake; wanataja kazi nzima ya mwili kwa jina hilo.

Anayenivutia hasa ni Li Dongyuan, tabibu wa Kichina wa zamani. Mwaka 1232 alikuwa Kaifeng, mji uliozingirwa na Wamongolia. Baada ya mzingiro, aliandika, maiti zilitolewa kupitia malango 12, kila lango elfu moja hadi mbili kwa siku, kwa karibu miezi mitatu. Waganga wenzake waliwapa wagonjwa dawa za kutoa jasho na za kuharisha, kana kwamba baridi imewaingia kutoka nje. Yeye akaona watu walioharibiwa na njaa, hofu na uchovu, ambao matumbo yao hayakuwa na cha kutoa. Wanahistoria wengine wanahisi ilikuwa tauni, na huenda wako sahihi. Hata hivyo, kumharisha mtu aliyetoka kwenye njaa ni ukatili, tauni iwepo isiwepo.

Dawa itolewayo bila kumtazama mgonjwa ni hatari, ndiyo maana wauzaji wa vidonge vya “kuongeza kumbukumbu kwa siri ya Wachina” wananikera. Watakwambia sayansi imethibitisha, kwa kuwa takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ya kupeleka ujumbe inayohusishwa na hisia, hutengenezwa kwenye utumbo. Polepole, ndugu. Serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Utumbo na ubongo huwasiliana kweli, kupitia neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni, na njia nyingine, ila hilo haliufanyi wengu wa matabibu wa Kichina kuwa ule wa kwenye picha ya eksirei. Na mzee anayeanza kupotea njia ya nyumbani apelekwe hospitali, asipewe chupa.

Mimi nimechukua kitu kimoja tu: sili tena huku nasoma meseji za kazini. Wiki ya kwanza ilikuwa shida, mkono ulikuwa unaitafuta simu wenyewe. Mama akaniangalia nikimaliza uji wangu, akasema, “Leo umekula. Siku zote ulikuwa unameza.”