Niacheni Ninywe Chai Yangu

Katika mji huu wa Tabora mtu anaweza kuficha deni, na wako waliofaulu hata kuficha nyumba ya pili huko Kiloleni, lakini kitambi hakifichiki. Na hasa hakifichiki kwa mtu kama mimi, ambaye kazi yangu ni kushinda nyuma ya cherehani kwenye baraza inayotazama njia ya sokoni, ambako kila apitaye hulazimika kuniona kuanzia kidevuni hadi mahali ambapo tumbo linakutana na meza. Tangu muuguzi mmoja anipime presha, akanipandisha kwenye mizani na kuniambia kwa upole kwamba ingenifaa nipunguze uzito, tumbo langu limeacha kuwa mali yangu. Limekuwa mali ya ukoo, ya majirani na ya wateja, na mjadala wao wote umeangukia mahali pamoja: je, fundi anywe chai asubuhi, au asinywe?

Hakuna anayeuliza ninakula nini mchana. Hakuna anayethubutu kugusa chakula cha usiku, na sababu yake nitaieleza. Wote wamekikalia kikombe cha asubuhi, wengine wakikitetea na wengine wakikishitaki, nami mwenye kikombe sijapewa nafasi hata ya kutoa ushahidi.

Upande mmoja yuko mama mkwe, aliyewasili kutoka Urambo na kiroba cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka kiasi cha kumvunja jino mtu mwenye haraka. Kwa imani yake, mwanamume anayetoka nyumbani na tumbo tupu anawaaibisha wakwe zake mbele ya mji mzima. Kwa kuwa yeye ni mkwe na mimi ni mkwe, na sisi tuliolelewa Unyamwezi tunajua kwamba wakwe hawakai meza moja, sahani ya matobolwa yaliyopikwa kwa karanga huletwa na mtoto, naye mwenyewe hubaki jikoni nyuma ya mlango akisikiliza kama ninatafuna. Nikichelewa kutafuna, sauti hutoka huko: "Mwambie baba yako ale. Asiyekula asubuhi, jioni atakula mpaka mwiko." Nitamkatalia nani, na kwa njia gani, mtu ambaye hata kumtazama usoni si adabu?

Upande wa pili yuko shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye elimu yote ya lishe ameipata kwenye simu. Yeye anasema asubuhi ni ya maji ya uvuguvugu, ndimu na kijiko kimoja cha asali, kisha mtu akae hivyo hivyo hadi saa saba mchana ili mwili ukose pa kushika na uanze kujila mafuta yake wenyewe. "Shemeji," huniambia, akinitazama kiunoni kwa huruma ambayo sijaiomba, "chai ndiyo inayokuua." Sasa asali ya Tabora ni fahari yetu, na siruhusu mtu wa mkoa mwingine aisengenye mbele yangu, lakini kijiko kikubwa kimoja cha asali kina kalori zipatazo 60, na karibu zote zinatokana na sukari, kwa hiyo yule aliyesema kwamba asali huyeyusha mafuta ya tumboni nadhani alikuwa na madebe kadhaa nyuma ya nyumba yanayongoja mnunuzi.

Mke wangu hana upande. Yeye huniuliza tu kila siku, kwa sauti ya mtu anayekadiria bajeti ya sukari: "Baba Kalunde, leo unakunywa chai, au uko kwenye dini ya mdogo wangu?"

Nilipochoka kugombaniwa, nikaanza kusoma mwenyewe. La kwanza lililonikera ni asili ya ule usemi kwamba mlo wa asubuhi ndio mlo muhimu kuliko yote. Nilidhani tumeurithi kwa wahenga, au angalau kwa madaktari waliokaa chini wakapima. Kumbe mwaka 1917 usemi huo ulichapishwa katika jarida moja la afya la huko Battle Creek, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, na mhariri wa jarida hilo alikuwa John Harvey Kellogg, daktari aliyetoka katika familia ile ile iliyowazoeza Wamarekani kula asubuhi nafaka kavu za kumwagia maziwa. Haikupita miaka mingi, katika miaka ya 1920, bingwa wa matangazo aitwaye Edward Bernays akapewa kazi na kampuni iliyotaka kuuza nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Bernays akamtafuta daktari, daktari akawaandikia maelfu ya madaktari wenzake akiwauliza kama mlo mzito wa asubuhi si bora kuliko mlo mwepesi, wengi wakakubali, na magazeti yakalitangaza jibu hilo kana kwamba ni ugunduzi. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuiona nafaka ya boksi na ambaye hata jina la mnyama huyo halitamki, amekuwa akiwatetea wafanyabiashara hao kwa bidii kubwa bila kulipwa hata senti moja.

Shemeji alifurahi sana kusikia habari hizo, na nusura aninunulie ndimu. Nikamwomba angoje.

Mimi nina daftari la vipimo vya wateja, na kwa kuwa futi kamba haijui kusema uongo wala kubembeleza, viuno vingi vya mji huu navijua kuliko wenyewe wanavyovijua. Yumo mwalimu ambaye huniapia kwamba hanywi chai asubuhi kwa sababu ya kuwahi kipindi, na kila anapokuja namwachia mshono wa suruali. Wamo vijana wa bodaboda ambao kabla jua halijachomoza huwa wamekwisha kumaliza supu na chapati mbili kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, na viuno vyao vimesimama pale pale. Mtu mwenye pupa angesema basi, chai hukondesha. Hivyo ndivyo ilivyosemwa zamani, kwa sababu kila watu walipohesabiwa, wasiokula asubuhi walionekana kuwa na uzito mkubwa zaidi. Lakini watu hao hao walielekea pia kuwa wavutaji wa sigara zaidi na wafanyaji wa mazoezi kidogo zaidi kuliko wenzao, kwa hiyo haikujulikana kosa ni la chai waliyoikosa au la maisha yote yanayoizunguka chai hiyo. Mwalimu wangu, kwa mfano, haniambii kinachoendelea baada ya kipindi cha mwisho, ila harufu ya chipsi katika shati lake huniambia.

Ndiyo maana watafiti waliamua kuwagawa watu kwa kura, hawa wale asubuhi na hawa wasile, kisha wapimwe. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 walichukuliwa watu wazima zaidi ya 300 waliotaka kupungua, wakafuatiliwa kwa wiki 16, na mwishowe kuambiwa ule au usile asubuhi hakukuleta tofauti yoyote ya maana katika uzito. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia walikusanya majaribio 13 ya namna hiyo na kuchapisha matokeo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Waliokula asubuhi walikuwa wakila kwa siku wastani wa kalori 260 zaidi ya wenzao, kiasi ambacho kwa makadirio yangu ni kama chapati moja, na wasiokula walikuwa wepesi zaidi kwa wastani wa kilo 0.44. Hata hivyo watafiti wenyewe walionya kwamba majaribio hayo hayakuwa na ubora mkubwa na mengi yalikuwa ya muda mfupi.

Naomba msomaji asimame hapo pamoja nami. Gramu 440! Huo ni uzito wa mkasi wangu wa kukatia suti. Ukoo mzima umegawanyika, mama mkwe amenuna, shemeji amenitungia ratiba na kuibandika ukutani, kwa ajili ya uzito wa mkasi. Nilipomweleza mama lishe wa ng'ambo, hakusikitika hata kidogo kwa habari ya mkasi; alichosikia yeye ni chapati. "Fundi," aliniambia, "hao watafiti wako wasije wakanikosesha wateja." Lakini onyo la mama mkwe kuhusu kula mpaka mwiko nalo liliyumba hapo, kwa sababu kama asiyekula asubuhi angefidia yote jioni, hesabu ya siku nzima ingelingana, nayo haikulingana.

Sikumwambia hivyo, bila shaka. Mtoto wa kumtuma angekosekana.

Na tena, kwa haki, upo upande ambao mama mkwe anapata alama, nao ni upande wa njaa yenyewe, ambayo watu huichanganya na uzito kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti walitangaza kwamba waliwapa watu chakula cha kiasi kile kile kwa siku, ila kwa wiki nne sehemu kubwa ililiwa asubuhi, na kwa wiki nyingine nne sehemu kubwa ililiwa jioni. Uzito ulipungua sawasawa kwa namna zote mbili, lakini walipokula zaidi asubuhi watu hao walisema hawakusumbuliwa sana na njaa. Na mwaka 2014 wenzao wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walikuwa wameona kwamba watu wembamba waliokula asubuhi walijongea na kujishughulisha zaidi kuliko walioambiwa wafunge mpaka adhuhuri, ingawa mwisho wa wiki sita uzito haukutofautiana. Hilo naliamini bila hata kuonyeshwa karatasi, kwa maana katika siku za ndimu na asali, ikifika saa nne, mteja akiniuliza kwa heshima zote kama shati lake liko tayari, mimi husikia kama amenitukania wazazi. Tumbo lina homoni iitwayo grelini, inayoamsha njaa, nayo huzoea saa za kula na kupanda inapokaribia saa hiyo. Kwa hiyo tumbo langu, lililofundishwa chai tangu utoto, hupiga kengele kwa wakati, bila kujali shemeji amebandika nini ukutani.

Kilichonikasirisha kweli, bila mzaha, ni siku shemeji alipomhubiria mteja wangu mwenye ugonjwa wa kisukari kwamba naye aache kula asubuhi. Mtu anayejidunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akiruka mlo bila kushauriana na daktari sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Nilimwambia shemeji kwamba ratiba yake aibandike kwangu, si kwa watu wanaotegemea sindano.

Halafu kuna Ramadhani, ambayo inapaswa kuufunga mjadala huu, lakini hakuna anayeiita shahidi. Wateja wangu Waislamu huacha si chai tu bali hata maji, mchana kutwa, mwezi mzima. Huja kupimwa kanzu na madira mwanzoni mwa mfungo wakiniagiza nishone kwa kubana, kwa sababu wanatarajia kukonda. Na wengi wao ifikapo wiki ya Idi hurudi kunilaumu kwamba nimeiba kitambaa. Sikuiba kitambaa. Kati ya magharibi na daku pana uji wa pilipili manga, tambi, mihogo ya nazi, kaimati na juisi ya maembe, navyo havikuambiwa kwamba kuna mtu anajaribu kupungua.

Kwa kuwa wote wanabishana kuhusu saa, hakuna anayetazama sahani. Chai yangu ina vijiko vinne vya sukari, na maandazi yameogelea katika mafuta, ambayo kila gramu yake hubeba kalori tisa, ilhali gramu ya wanga hubeba nne. Hata matobolwa ya mama mkwe yasingekuwa na neno kama si zile karanga, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, naye huzitia kwa mkono wa mtu anayempenda mkwe wake.

Sasa nieleze ile sababu ya chakula cha usiku kutoguswa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti walioufanya ndani ya maabara, wakiitenga saa ya mwili na mazoea ya nje, wakaona kwamba hamu ya kula huwa ya chini kabisa kunako saa mbili asubuhi, na ya juu kabisa kunako saa mbili usiku. Saa mbili usiku nyumbani kwangu ndiyo saa ya ugali. Hutua mezani mlima mweupe pamoja na kisamvu cha karanga na, siku za neema, kuku wa kienyeji, nami huulaki kwa hamu yote ambayo maumbile yameniwekea akiba tangu asubuhi. Anayethubutu kuuzungumzia ugali huo ndiye angekuwa mshauri wa kweli, lakini shemeji hali kwake, anakula kwetu, na mama mkwe ndiye aliyemfundisha mpishi.

Basi juzi nikajitoa mhanga. Nikasema, kwa lugha ya adabu na nikitaja mwaka wa utafiti, kwamba labda chai iachwe kama ilivyo, sukari ipungue, na ugali wa usiku upunguzwe theluthi moja. Mke wangu aliniangalia kwa muda, akasema, "Sawa, Baba Kalunde. Lete hiyo futi kamba yako uje unionyeshe theluthi inaishia wapi." Mama mkwe, aliyesikia yote kutoka jikoni, alimtuma mtoto aje kuuliza kama baba yake anaumwa au amekosana na mama yake. Shemeji hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Na kesho yake asubuhi, kabla sijatoa hata cherehani nje, mama lishe wa ng'ambo ya barabara alikuwa amekwisha kupata habari kwamba fundi ameanza kulalamikia mapishi ya nyumbani kwake, naye akavuka barabara kunijulisha kwamba siku hizi anapika na chakula cha jioni.