Nyumba Iliyotoka Damu na Dumu la Shangazi

Shangazi yangu wa Mafinga haogopi mchawi wala bundi, ila bomba la jikoni likianza kukohoa, maji yakirudi baada ya kukatika, anasogea pembeni kwanza aone ni rangi gani itatoka. Tunaomjua hatucheki. Tulikuwepo siku ugonjwa huo ulipoanza.

Ulianzia kwenye mkanda wa video. Baba mdogo alikwenda kusoma Uingereza, akarudi na deki, makoti mawili na mkanda mmoja uliokuwa na kipande cha Hammer House of Horror. Tamthilia hiyo ilionyeshwa mwaka 1980 na ITV, ile ya kwao, siyo yetu ya Mikocheni. Ilikuwa na vipande 13, kila kimoja na kisa chake na waigizaji wake, na waliotengeneza ni Hammer, kampuni ya filamu za kutisha, wale wale waliompa mwigizaji Christopher Lee meno ya Dracula, yule mnyonya damu. Sisi tulipata kipande kimoja tu, The House That Bled to Death, na kilitutosha.

Familia inahamia nyumba ambayo mzee mmoja alimuulia mke wake humo humo. Paka anakufa. Kwenye friji unakutwa mkono wa mtu. Kisha mtoto wa nyumba anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa, wenzake wamekuja na nguo za sikukuu, keki iko mezani, na bomba la juu linapasuka na kuwanyeshea damu watoto wote. Hapo hapo deki ikala mkanda! Baba mdogo aliuvuta kwa penseli hadi ukakatika, na kwa Shangazi kisa kikabaki pale: kuna nyumba Uingereza inatoka damu, hakuna aliyejua kwa nini, na kama imewezekana kule inaweza kuwezekana Mafinga.

Kwa hiyo Julai nilipopanda kwenda kumsalimia nikaenda nacho kwenye flashi, kizima, chenye mwisho wake. Nilimwambia, "Shangazi, leo tunamaliza deni." Akaniangalia sana, halafu akasema sawa, ila taa isizimwe.

Baridi ya Mafinga mwezi wa saba haina utani. Ukungu unatoka upande wa Sao Hill na kuingia hadi kwenye viatu. Sebuleni tulikuwa tumejifunga mablanketi, jiko la mkaa katikati, dirisha limeachwa wazi kidogo maana mkaa unaua kimya kimya. Nyuma ya kochi, yamesogezwa karibu na jiko ili yapate joto, yalikuwa madumu mawili ya lita 20 ya mvinyo wa rozela. Shangazi huutengeneza mwenyewe: rozela kavu inachemshwa mpaka maji yanakuwa mekundu ya kutisha, inachujwa, inatiwa sukari na hamira, inaachwa ijifanyie kazi. Kifuniko hakikazwi. Hamira inakula sukari na kutoa gesi, na gesi lazima ipate pa kutokea. Hilo kila mtu pale nyumbani analijua.

Hata binamu yangu analijua. Yeye ni dereva wa bodaboda, na kila jioni alikuwa akirudi kijiweni anajipatia kikombe "cha kutoa baridi". Ili kiwango kisipungue akawa anajazia maji ya sukari, na ili harufu isimchongee akawa anakaza kifuniko kwa mikono yote miwili. Sukari mpya, joto la jiko, kifuniko kimekazwa. Sisi tumekaa mbele yake tunaangalia runinga.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Shangazi yeye alikuwa anawashauri wahusika.

"Nyumba mtu kauawa, wao wanaingia na makochi. Kodi ilikuwa rahisi, eh?"

"Wamenunua, Shangazi."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Alipoona mkono kwenye friji alisema mwanamke yule alitakiwa kuondoka siku ile ile, na friji aiache. Nikaona anavuta blanketi. Wajukuu wawili walishaingia ndani yake, yamebaki macho tu. Sherehe ikaanza, watoto wa Kizungu wakakaa mezani, bomba likaanza kutikisika.

Nyuma yetu kitu kikanung'unika.

Shangazi akanishika mkono. "Umesikia?"

"Ni kwenye runinga," nikasema.

Bomba la Uingereza likapasuka, na dumu la Mafinga likapasuka. Kama ni kupishana, ni kwa pumzi moja. Kifuniko kiligonga dari kwa mlio wa bunduki, nyuma yake ukafuata mvinyo, povu na makapi ya rozela, ukapiga zile mbao za paina, ukatawanyika, ukatushukia. Kwenye runinga watoto wanapiga kelele wamelowa wekundu. Ndani watoto wanapiga kelele wamelowa wekundu. Shangazi, kilemba chake cheupe kimekwisha, alisimama juu ya kochi akasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabara kuu:

"Imetufuata! Nilisema itatufuata!"

Jirani yetu ni seremala, mtu wa maana sana. Alikuja mbio na panga na tochi, akasukuma mlango, akamkuta mama wa watu anachuruzika kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Kamwene," Shangazi akamwambia. Huku kwetu hata ukifa unaanza na salamu.

"Kamwene, mama." Panga likamtoka mkononi. "Nani kakufanya hivi?"

"Bomba."

Jirani akanimulika mimi, akamulika watoto, akamulika dari. Halafu akanusa. Akasogea ukutani, akagusa kwa kidole, akaonja. Akaonja tena, mara ya pili nadhani haikuwa ya uchunguzi.

"Mama, damu gani hii ina hamira?"

Kimya. Shangazi akageuka taratibu kumtazama binamu, ambaye alikuwa tayari anatafuta funguo za pikipiki. Haikuchukua muda akawa ameeleza yote, vikombe, sukari na kifuniko. Kipigo kiliahirishwa, kwa sababu Shangazi alijifuta uso na blanketi, akakaa pale pale kwenye unyevu, akaamuru niendelee.

"Nimengoja mwisho huu tangu una meno ya utoto. Weka."

Jirani naye akakaa. Tukaona mwisho. Kumbe hakukuwa na mzimu! Mume na mke walipanga kila kitu wakishirikiana na dalali wa nyumba, paka, mkono, bomba, ili waandike kitabu, wauze na filamu, wakale hela Marekani. Kosa lao walisahau kumwambia binti yao, na akija kugundua anashika kisu. Kwangu mimi huo ni mwisho safi kuliko mzimu wowote, na nilitaka kusema hivyo, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

"Matapeli!" Shangazi alikuwa amesimama tena. "Na dalali yumo! Mimi miaka yote hii nakwepa bomba langu mwenyewe kwa ajili ya dalali?"

"Madalali ndivyo walivyo," jirani akasema, akiutazama ukuta.

Hapo ndipo mjukuu mmoja alipotoa kichwa kwenye blanketi na kuuliza mbona lile dumu lingine limevimba tumbo.

Tulihamia wote uani, kwenye baridi ile. Baada ya majadiliano mafupi binamu alivalishwa helmeti yake, akafungwa godoro la mtoto kifuani kwa kanga, akaambiwa aingie kwa magoti. Shangazi alikuwa anamwelekeza kupitia dirishani, alegeze nusu, asubiri, alegeze tena. Jirani alikuwa amekwishakwenda kwake na kurudi na jagi.

"Taratibu, kijana," alimwita kutoka nyuma yetu. "Na usimwage."