Kamanda wa jeshi la pamoja atoke nchi gani?

Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilipoingia Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa 2022, kamanda wake alikuwa Mkenya, Meja Jenerali Jeff Nyagah. Aprili 2023 akajiuzulu, akisema usalama wake uko hatarini. Desemba kikosi chenyewe kikaondoka. Tangu hapo, jeshi la pamoja likitajwa tu, vijiwe vya kahawa hapa Kirumba, Mwanza, hugawanyika: kamanda atoke wapi?

Wengi husema mwenye askari wengi ndiye aongoze, na hoja yao ni nzito. Mwaka 1979 jeshi letu lilipoingia Uganda pamoja na wapiganaji wa UNLF, Waganda waliompinga Idi Amin, hapakuwa na ubishi. Tanzania ndiyo iliyobeba vita, na Meja Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama huku huku kanda ya ziwa, aliiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, nayo hufanya hivyo: tangu Jenerali Eisenhower mwaka 1951, kamanda mkuu wa majeshi yake Ulaya ni Mmarekani, na Ulaya ikaachiwa kiti cha katibu mkuu.

Wanaopinga nao hawaogopi kivuli. Ufaransa ilichoka kuamriwa, ikajitoa kwenye kamandi ya pamoja ya NATO mwaka 1966, na haikurudi hadi 2009. Kwetu ni zaidi, maana baadhi ya majirani wa Kongo wana maslahi yao ndani ya Kongo. Mkongomani ana haki ya kuuliza jenerali huyo anapokea simu ya nani usiku.

Kwa maoni yangu, ubishi wa uraia umelimeza swali kubwa zaidi: kamanda anaruhusiwa kuamuru nini, na kwa nyenzo zipi? Machi 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakiwa wanavunja ngome za Waingereza huko Ufaransa, Jenerali Mfaransa Foch alipewa kuratibu tu majeshi ya washirika. Siku nane baadaye ilibidi aongezewe mamlaka ya kuelekeza vita, huku makamanda wa kila taifa wakibaki na haki ya kukata rufaa kwa serikali zao. Nyagah hakupata hata hilo. Kila nchi ilishika eneo lake. Kinshasa ilitaka kikosi kipigane, Jumuiya ikataka kisimamie usitishaji wa mapigano. Jenerali wa nchi yoyote angekwama pale.

Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kongo 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ilikuwa na ruhusa ya kushambulia iliyoandikwa wazi katika Azimio 2098 la Baraza la Usalama. Novemba waasi wa M23 wakashindwa. Lakini Desemba 2017, kambini Semuliki, Kivu Kaskazini, Watanzania 15 wa brigedi hiyohiyo waliuawa katika shambulio moja. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja kasoro za amri na uongozi, upungufu wa ndege, na kukosekana kwa mpango wa kuwaokoa waliozingirwa.

Kwa hiyo kamanda na atoke nchi yenye askari wengi isiyopakana na eneo la mapigano, mnadhimu mkuu atoke nchi nyingine. Helikopta ziwe chini ya amri ya kamanda kabla askari wa kwanza hajavuka mpaka.