Maji yanayozoleka

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, ila wao hawakuwahi kucheza Minecraft, gemu ya kujenga dunia kwa bloku. Humo unamwaga ndoo moja juu ya mlima, maji yanaporomoka hadi bondeni, kisha unapanda tena na ndoo ileile tupu, unachota bloku ya chanzo (ile ulikomwagia), na mto mzima unakauka nyuma yako. Chimba shimo la bloku mbili kwa mbili, tia ndoo mbili kwenye pembe zinazotazamana, na umepata kisima kisichokwisha hata ukichota mwaka mzima. Ukimwaga uwandani, maji yanatambaa bloku saba kutoka kwenye chanzo na kusimama hapo kama yaliyofika mpakani. Bahari ukiitoboa ubavuni haipungui hata kidole.

Ndiyo maana kuna lawama isiyochakaa. Kila inapotangazwa gemu ya kujenga, iwe ya leveli (hatua anazopita mchezaji), ya miji au ya dunia nzima, mtu huuliza kama maji yake ni ya kweli: yana ujazo unaohifadhika, yana presha, yanatafuta usawa wake, yanavuja kwenye ufa? Jibu likiwa hapana, watengenezaji huitwa wavivu. Lawama yenyewe ina uzito wake. Neno hilo la uvivu ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Wanaodai maji ya kweli wana kitu mkononi, na ni haki kukitaja. Mchezaji anapoketi mbele ya gemu, maji tayari anayajua. Where's My Water? ya mwaka 2011 ilisimama juu ya ujuzi huo tu: unachimba udongo kwa kidole, maji yanashuka, mamba anaoga, na hata mtoto asiyejua kusoma anaelewa afanye nini. Katika Timberborn, iliyofunguliwa kwa wachezaji mwaka 2021 kabla haijakamilika, biva, wanyama wa mtoni, wanajenga mabwawa ili wavuke ukame, na ziwa lisilopungua lingeiua gemu yote. Dwarf Fortress, inayochezwa tangu 2006, inapima maji ya kila kigae (mraba mmoja wa ramani) kwa vina 1 hadi 7 na kuyapa presha, kwa hiyo anayetoboa mto kwa pupa huiona ngome yake ikijaa kuanzia chini kwenda juu. Noita, iliyokamilika mwaka 2020, inafuatilia kila pikseli ya kimiminika, na damu, mafuta na tindikali vinachanganyika sakafuni kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Ni furaha ya kweli hiyo, na kanuni ya bloku saba haiwezi kuitoa.

Basi kwa nini isiwe hivyo kila mahali? Jibu la kawaida ni gharama, na hesabu yake inatisha kuliko wengi wanavyodhani. Chukua kidimbwi cha mita 20 kwa 20, kina mita 5: mita za ujazo 2,000. Kikate kwa visanduku vya sentimita 10 kila upande, umepata visanduku milioni 2. Gemu inayochora fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na humo mna wahusika, sauti, mwanga na mengineyo. Ukiyapa maji muda wote huo, na kuhesabu kisanduku kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinapata nanosekunde 8 hivi. Kadi ya michoro huhesabu vingi kwa pamoja, kwa hiyo hapo bado tunapumua. Lakini angalia ulichonunua. Mchemraba wa sentimita 10 ni lita moja. Tone dogo kabisa la maji yako "ya kweli" ni lita nzima! Haliwezi kupenya kwenye ufa wa upana wa kidole, wala kudondoka kutoka kwenye bomba, wala kulowesha ukingo wa kikombe.

Ukitaka tone dogo zaidi, gawa upande wa kisanduku kwa nusu. Visanduku vinaongezeka mara 8, na kwa kuwa maji hayatakiwi kuruka kisanduku kizima ndani ya pigo moja la hesabu (kila mara mashine inapokokotoa upya), mapigo nayo yanabidi yawe mara 2. Kazi imekuwa mara 16, na tone ni mililita 125. Gawa tena: kazi mara 256 ya ile ya mwanzo, na tone limefika mililita 15 na ushei, ujazo wa kijiko kikubwa. Kijiko! Kila ninaposoma mtu akisema kwamba mashine za kesho zitamaliza tatizo hili, nakirudia kijiko hiki kichwani. Njia za kukwepa zipo. Mwaka 1999 Jos Stam, mtafiti wa michoro ya kompyuta, alionyesha hesabu ya mtiririko isiyolipuka (namba zake hazikui bila kikomo) hata pigo likiwa refu, na michezo imefaidika nayo sana, ila bei yake ni kwamba mwendo unafifia na kimiminika kinaelekea kuwa kizito kuliko kilivyopaswa kuwa. Wengine hutumia chembe badala ya visanduku, nao huhangaika kuzuia ujazo usivimbe na kusinyaa.

Hata hivyo gharama siyo hoja yangu, na nadhani wanaoyatetea maji ya kanuni, kama yale ya bloku saba, kwa gharama peke yake wanajifunga goli. Hoja ya gharama ina tarehe ya kuisha muda. Tufanye basi kwamba imeshaisha, kwamba mashine inaweza kufuatilia kila tone bila kutoa jasho. Mimi bado nisingeyataka maji hayo katika leveli ninayomjengea mtu mwingine.

Katika Super Mario Maker 2 ya 2019, gemu ya kujengea wengine leveli, kama ilivyokuwa katika ile ya kwanza ya 2015, huwezi kupakia leveli mtandaoni mpaka uimalize wewe mwenyewe. Ni sharti dogo, na mara nyingi linakera, lakini ndani yake mna mkataba: aliyejenga anamwambia asiyemjua kwamba njia ipo, ameipita kwa miguu yake. Baada ya hapo mjenzi anaondoka. Hatakuwepo kueleza, hatakuwepo kurekebisha. Leveli inabaki peke yake na maelfu ya watu ambao kila mmoja ataifikia kwa namna yake.

Sasa weka ndani yake maji ya kweli. Tuseme kuna lango linaloinuliwa na boya, na boya linaelea kwenye tangi linalojazwa na mfereji. Mjenzi anafungua mfereji, maji yanapiga ukuta, yanarudi, boya linapanda, lango linafunguka, anapita, leveli imethibitishwa. Mchezaji wa pili anafika pale theluthi moja ya sekunde baadaye. Njiani aliruka mara moja zaidi, miguu yake ikagusa maji, kiwimbi kikaenda. Wimbi lile lililorudi linakutana na kiwimbi hiki, lita kadhaa zinaruka nje ya ukingo, na boya linasimama chini kidogo ya alama. Lango halifunguki. Mchezaji hajakosea chochote. Mjenzi naye hakudanganya. Wote wawili wana haki, na leveli imekufa.

Watu wa ufundi watanijibu kwamba hilo linatibika: tumia namba kamili badala ya desimali zinazokadiriwa tofauti kati ya mashine na mashine, hesabu kwa mpangilio uleule daima, na matokeo yatajirudia. Ni kweli, lakini dawa hiyo inatibu mashine. Inahakikisha kwamba vitendo vilevile vitaleta matokeo yaleyale, wakati hakuna wachezaji wawili wanaofanya vitendo vilevile, wala hatungependa wafanye. Ninachokihitaji kama mjenzi ni kwamba vitendo vinavyokaribiana vizae matokeo yanayokaribiana, na maji ya kweli ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa kuyawekea dhamana hiyo. Tofauti ndogo mwanzoni ndani yake hukua.

Mjenzi mwenye busara, aliyepewa maji hayo, atafanya nini? Atajenga tangi kubwa mara tatu ya linalohitajika ili boya lifike kwa vyovyote. Atazungushia kuta ili mawimbi yasitoke. Mwishowe atakuwa ameyafunga maji ya kweli kwa juhudi zote hadi yawe na tabia moja tu: yanajaa, lango linafunguka. Amerudi kwenye maji ya kanuni, kwa bei ya mara 256.

Gemu nilizozisifu juu hazinipingi hapa. Ukifa Noita unaanza safari nyingine kabisa, na ajali ndiyo burudani uliyoifuata. Katika Timberborn anayejenga bwawa ndiye atakayefurikiwa nalo, na akikosea atajilaumu mwenyewe huku akicheka. Hakuna mtu wa tatu aliyeahidiwa kitu. (Ndiyo maana pia Cities: Skylines iliweza kuwa na mito inayotiririka na majitaka yanayofurika, na wachezaji wakageuza mafuriko ya majitaka kuwa utani wao. Mji ni wako, uchafu ni wako.)

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kanuni za uongo nazo ni zawadi mkononi mwa anayejenga. Bloku saba za Minecraft zinaonekana kama kasoro mpaka uanze kuzitumia kama rula. Unajua bila kupima kwamba mkondo utakufa pale, kwa hiyo unaweza kuufanya ukanda wa kubebea vitu, ukaupeleka kwenye ghala kwa hesabu isiyokosea. Maji hurutubisha udongo wa shamba hadi bloku nne kila upande, na kutoka hapo ukazaliwa mraba wa tisa kwa tisa wenye bloku moja ya maji katikati, ambao kila mkulima wa gemu ile anaujua. Fizikia haina namba nne. Lakini mtu hawezi kubuni mashine juu ya kitu asichoweza kukitabiri, na namba nne inatabirika.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka upande wa wapinzani. Dwarf Fortress, hiyohiyo inayosifiwa kwa presha yake, ina kanuni kwamba presha haipiti mshazari: maji yakilazimika kutoka kigae kimoja kwenda kingine kwa pembe, nguvu ya kupanda inapotea. Hakuna mto duniani wenye tabia hiyo. Wachezaji walipoigundua hawakulalamika. Walianza kuchimba mifereji yenye kona moja ya mshazari kabla ya kisima, na ngome zao zikaacha kufurika. Katika gemu inayotukuzwa kwa uhalisia, wajenzi wanakiamini zaidi kile kipande kisicho halisi.

LittleBigPlanet, gemu nyingine ya kujenga leveli, ilipopata maji mwaka 2009, yalikuwa mstari mmoja wa mlalo unaokata leveli nzima, na mjenzi aliweza kuupandisha au kuushusha kwa swichi. Huwezi kuwa na dimbwi hapa na jingine juu ya paa. Inasikika kama umaskini. Lakini gemu ile ilikuwa na kipimajoto pembeni mwa skrini kinachoonyesha leveli yako imebakiza nafasi kiasi gani, na maji yale yalikuachia nafasi hiyo kwa mengine. Mstari unaopanda, tena, ni kitu ambacho mchezaji anakisoma kwa jicho moja: anajua ana muda gani. Miaka kumi baadaye msitu wa Super Mario Maker 2 ukatumia wazo hilohilo, maji yanayopanda na kushuka kwa mwendo uliowekwa na mjenzi, na usiku yakageuka sumu.

Ningetaka wanaodai maji ya kweli waombe kitu kingine, kwa kelele ileile: swichi zaidi. Mwishoni mwa 2022 toleo la 1.19.3 la Minecraft liliweka kanuni inayomruhusu mwenye dunia kuzima kile kisima kisichokwisha. Anayetaka maji haba anayapata, na mkulima wa tisa kwa tisa hasumbuliwi. Presha ingeweza kuwa swichi ya namna hiyo. Ujazo unaohifadhika pia, leveli kwa leveli, na mjenzi akathibitisha kwanza kwamba inapitika.

Na mtu akidhani kwamba wajenzi hawana hisia na maji yao ya uongo, akumbuke mwaka 2018, Minecraft ilipoamua kwamba ngazi na uzio vinaweza kukaa ndani ya maji bila kuyasukuma. Kwa mantiki ya dunia ilikuwa sahihi kabisa. Kwa wapiga mbizi, ngazi iliyokuwa ikiwapa mfuko wa hewa chini ya bahari ikawa ngazi iliyolowa tu. Mlango ulisalimika. Katika toleo la Java, lile la asili la kompyuta, bado unaweza kuusimamisha kwenye sakafu ya bahari, ukaingia kwenye nafasi yake, ukavuta pumzi.