Breki ya Mkono: Je, Mwendesha Boda Mpya Anahitaji Darasa?

Mpwa wangu ana miaka 19, na wiki ijayo anahamia Kampala kuanza kazi ya boda. Pikipiki amejifunza hapa hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye uwanja wa mpira, jioni tatu tu. Mwalimu wake ni kaka mmoja wa steji, yaani kituo cha boda, mtu wa miaka mingi barabarani na mwenye roho nzuri, hakudai hata shilingi. Siku ya kwanza nilisimama pembeni nikiwatazama. Alimwonyesha klachi, gia na mafuta, kisha akaigusa ile breki iliyo upande wa kulia wa usukani. "Hii ya mkono achana nayo, dogo. Itakutupa. Wewe kanyaga ya mguu tu."

"Sawa, kaka," mpwa akaitikia.

Neno hilo halijanitoka kichwani. Watu wanabishana kila siku kama anayeanza pikipiki aende kusomea usalama au ajifunze kwa wenzake, na kwangu ubishi wote umo ndani ya breki ile.

Kwanza niseme kwamba yule kaka hakosei kabisa. Barabara zetu za vijijini ni za murramu. Ukiibana breki ya mbele, ambayo ndiyo hiyo ya mkono, juu ya changarawe, gurudumu la mbele linajifunga na kuteleza, na gurudumu la mbele likishateleza ni vigumu mno kuirudisha pikipiki. Uko chini kabla hujajua. La nyuma, linalofungwa na breki ya mguu, likiteleza, mkia unayumba kidogo na mtu huwahi kujiokoa. Hata pikipiki iliyobeba abiria na gunia la mkaa ina uzito mkubwa nyuma, kwa hiyo breki ya mguu hushika vizuri kuliko ukiwa peke yako. Kwa hiyo steji haikubuni uongo. Imeokota ukweli wa murramu na kuupokezana kama amri.

Shida inaanza kwenye lami. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na la mbele linakandamizwa barabarani. Hapo nguvu kubwa ya kusimamisha pikipiki iko mbele. Anayetumia ya mguu peke yake kwenye lami kavu anahitaji karibu mara mbili ya umbali wa anayetumia zote mbili. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakata mita 17 hivi kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki. Sasa mchukue kijana wa murramu, mpeleke Jinja Road, Kampala, mchana, teksi (ile basi ndogo ya abiria) isimame ghafla mbele yake kuokota abiria. Atakanyaga ya mguu kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma litajifunga, pikipiki italala upande, na mkono wake wa kulia hautakumbuka kama una kazi yoyote.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Huko Los Angeles, Marekani, timu ya Harry Hurt ilichunguza ajali 900 za pikipiki papo hapo zilipotokea, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Waliona waendeshaji wengi wakiibana mno breki ya nyuma na kuitumia kidogo ile ya mbele katika sekunde ya hatari. Waliona pia kwamba asilimia 92 ya walioanguka walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Wapenda darasa hulinukuu sana hilo la 92. Mimi naomba tulishike kwa uangalifu: ikiwa karibu kila aliye barabarani hakwenda darasani, basi karibu kila atakayeanguka atakuwa hakwenda darasani. Namba hiyo peke yake haithibitishi kitu.

Na upande wa wanaopinga darasa una hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyotaka kukubali. Mwaka 2010 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa mambo ya afya, walikusanya tafiti 23 kuhusu mafunzo ya pikipiki ili kujua kama yanapunguza ajali. Hawakuweza kusema ndiyo wala hapana. Tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu mno. Tena kuna la kutisha zaidi. Norwei, vijana wa kiume waliofundishwa kulimudu gari kwenye utelezi walikuja kupata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi huo huo. Walitoka darasani wakijiamini kupita ujuzi wao. Nikiwaona vijana wakifundishwa kupita kwa kasi kati ya koni, huwa nayakumbuka hayo.

Halafu kuna tumbo. Vijana wengi wa boda wanaendesha pikipiki ya mkopo au ya tajiri, na hesabu ya wiki haingoji. Siku tatu za darasa ni siku tatu bila chakula nyumbani, achilia mbali ada yenyewe. Na steji ina elimu ambayo mwalimu wa chaki hana. Ni steji itakayokuambia kwamba konda akishatoa mkono dirishani, teksi inaingia kushoto hata kama hujamaliza kuipita. Ni steji itakayokuambia kwamba dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na oili vinachanganyika na kuwa sabuni. Abiria gani wa saa sita usiku umkatae, hilo pia utaambiwa na steji.

Pamoja na yote hayo, mimi niko upande wa darasa. Steji inafundisha kwa waliobaki. Yule aliyetegemea ya mguu peke yake na kulala wodini Mulago harudi kuja kueleza wapi alikosea, na hata akirudi atasema teksi ilimkata, jambo ambalo pia ni kweli. Kwa hiyo amri inaendelea kupokezwa bila sababu yake, na amri isiyo na sababu haijui ikome wapi. Darasa zuri humpa mtu sababu: kwa nini mbele, lini mbele, kwa nini ubane taratibu kisha uongeze badala ya kuipiga mara moja. Humrudisha afanye mara 30, mara 40, mpaka mkono ujue wenyewe. Steji haina muda huo, kwa kuwa mwalimu ana abiria anayemsubiri.

Ila nina masharti. Darasa lisiuzwe kama kinga, na lisichukue nafasi ya helmeti. Kuhusu helmeti ushahidi hauna utata: inapunguza kifo kwa asilimia 42 na jeraha la kichwa kwa asilimia 69, kwa hesabu ya Cochrane hao hao mwaka 2008. Kama kijana ana hela ya kimoja tu, anunue helmeti nzima isiyo na ufa, kwake na kwa abiria, ndipo atafute mwalimu. Pia darasa liwe la mambo machache: breki, makutano, na gari linalokata kulia mbele yako kwa sababu dereva wake hajakuona. Mbwembwe za koni ziachwe.

Gharama nayo ina njia. SafeBoda, kampuni ya boda zinazoitwa kwa simu, ilipoanza Kampala mwaka 2014, iliwafundisha madereva kwanza, ikawapa helmeti na fulana ya rangi ya machungwa, na abiria wakawa tayari kumtafuta aliyevaa fulana hiyo. Mafunzo yakawa na soko. Naamini vyama vya steji vingeweza kufanya kitu kama hicho kwa udogo wake: asubuhi mbili za Jumapili, kabla ya biashara, mwalimu mmoja aje palipo na boda, wao wasimfuate. Na yule kaka wa uwanjani awe msaidizi wake, maana nusu ya somo anayo tayari.

Inashangaza kwamba tunabishana hivi hapa Busia, ambako neno lenyewe boda boda lilizaliwa, vijana wakipiga baiskeli kuvusha watu na mizigo kati ya pande mbili za mpaka. Baiskeli ilisamehe mengi. Pikipiki ya Boxer yenye watu wawili haisamehe.

Jana jioni nilimwomba yule kaka tumpeleke mpwa kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji, nimechora mstari kwa chaki. Mara ya kwanza alifunga ya mguu tu, mwendo wa polepole, akaupita mstari na kuacha alama nyeusi nyuma yake. Mara ya saba alibana zote mbili, akasimama kabla ya chaki. Kaka alishuka, akautazama umbali ule, akaupima kwa hatua zake. Kisha akaomba funguo, ajaribu yeye.